Paa la Buluu Lilivyoonekana Kutoka Angani

Kibanda C 114,
Mtaa wa Khanyiso,
Cape Town.
9 Machi 2024

Mpendwa dada yangu Nozibele,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Natumaini mvua za Tsolo zimekukuta mzima, na kwamba lile goti lako sasa linakubali kupanda mlima bila manung'uniko. Watoto hawajambo? Ng'ombe wa mjomba bado wanaingia kwenye mahindi yako?

Kuhusu afya yangu, ninayo heshima kubwa, mbele ya ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, kukutangazia rasmi kwamba mimi, Mncedisi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, nimeanza kuvaa miwani. Niliichagua mwenyewe duka la dawa, na nilipofika nyumbani nikaambiwa ni ya kike. Mke wangu anasema nafanana na mwalimu mkuu aliyefukuzwa kazi. Usicheke ukamaliza, miwani hiyo ina kazi humu.

Jumamosi iliyopita tulipata mgeni pale ukumbini, binti anayeitwa Olwethu, wa chuo kikuu. Kazi yake ni kukaa na picha zilizopigwa na setilaiti mwaka hadi mwaka, akitafuta mioto ya zamani katika mitaa ya vibanda kama wetu, kwa sababu mingi haikuandikwa popote. Na pasipojulikana pameungua mara ngapi, nani atajua pa kuweka bomba au pa kupitisha gari la zimamoto? Alikuja tumsaidie kumbukumbu.

Tukamsaidia kweli! Kila mtu na mwaka wake. Mmoja anahesabu kwa harusi, mwingine kwa Kombe la Dunia, mimi kwa jino nililong'olewa. Chai ikapoa. Binti akacheka, akasema, "Wazee wangu, kumbe ninyi ndio mnaonifichia moto! Setilaiti ikipita siku ya kwanza, inakuta mawingu. Ikirudi siku ya nne, mmeshajenga!"

"Ulitaka tungoje nini?" akajibu MamBhele, yule jirani yako wa ukuta kwa ukuta. "Ukichelewa kusimamisha nguzo, mwenzio kashasogeza ukuta. Muulize huyu Mncedisi. Jiko lake liko kwenye kiwanja changu."

Ni uongo, dada. Ni nusu ya jiko tu.

Ndiyo maana binti hatafuti weusi wa majivu peke yake. Ameifundisha kompyuta kutafuta mng'aro: mahali ambapo mabati ya kutu yamegeuka mapya yote kwa mpigo. Masikini hanunui mabati arobaini kwa wiki moja, labda awe ameunguliwa.

Lakini mara moja tu bahati ilimwangukia, picha ikapigwa moto ungali unawaka. Ni Jumapili ile ya Januari 2012. Moshi wenyewe umo, umelala kufuata upepo, na pembeni pameandikwa saa: saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi. Akaitandaza mezani, akaweka kidole. "Baba, hebu nisaidie hapa. Kompyuta yangu imeng'ang'ania kwamba hili ni bwawa la kuogelea."

Nikavaa miwani. Nozibele, lilikuwa paa lako.

Lile ulilolipaka rangi iliyobaki kwa mwajiri wako, rangi ya bwawa lake, nasi tukawa tunakuuliza kila jioni kama tuje na taulo. Lilikuwa pale, buluu tupu, zima, halina hata doa. Na upande wa kusini-mashariki, ulikotoka upepo, vibanda zaidi ya ishirini vilikuwa vimeshakuwa jivu. Moto ulikuwa unakuja kwako. Haukutoka kwako.

MamBhele aliinama hadi pua ikagusa karatasi. "Hii ni saa nne na dakika ishirini na mbili?"

"Ndiyo, Mama. Saa haidanganyi."

"Na hili ni paa la yule mtoto?"

"Ni lake," nikasema.

Akakaa chini. Unajua kwamba miaka kumi na miwili hajakutaja kwa jina? Wewe ulikuwa "yule wa jiko la mafuta". Akashika kichwa. "Nilimmwagia maji ya vyombo siku anaondoka. Maji ya vyombo, Mncedisi, na wewe umembebea begi!" Kisha akainua macho. "Hebu subiri. Nani alisema umeanzia kwake?"

Nitakujibu, lakini kwanza nimalize shukrani. Namshukuru Mungu kwamba siku ile hakufa mtu. Namshukuru binti Olwethu, aliyetuchapia nakala ya picha. Imo ndani ya bahasha hii, na paa lako nimelizungushia wino. Haisemi nani aliyewasha moto, nami sitaki tena kujua. MamBhele anasema uje Pasaka. Atakungoja kituo cha basi yeye mwenyewe, ingawa hajajua bado atafungua mdomo na neno gani.

Nisalimie Mjomba Zwelakhe, Shangazi Nothozamile na wanao wote. Unaona nimekimbilia salamu kabla ya wakati wake. Ni woga, dada. Basi.

Siku zote nimesema asubuhi ile nilikuwa kanisani. Sikuwa kanisani. Nilikuwa nimelala na viatu, nimelewa pombe ya sherehe ya jana yake. Wewe ndiwe uliyepiga teke mlango wangu, ukanishika miguu, ukaniburuta hadi kichochoroni, kichwa changu kikigonga kizingiti, na wakati huo ulikuwa hujatoa hata kijiko chako. Uliporudi kuchukua cherehani, paa la buluu lilikuwa limeshashika. Watu wakaja mbio wakiuliza umeanzia wapi. Kitu cha kwanza macho yangu ya pombe yalichokiona kikiwaka ni paa lako. Nikasema, "Kwa Nozibele. Nimeuona mwenyewe."

Akili iliporudi, kulifuta neno lile kulitaka niseme nilikuwa wapi. Nikanyamaza. Nawe walipokuuliza mbona hukuokoa kitu kama moto si wako, ulijibu tu, "Nilichelewa." Hukuwaambia ulichelewa kwa nani. Nilikubebea begi hadi kituoni, ukaniita kaka mwema, nikaitika.

Haya yote niliyasema Jumamosi, nimesimama mbele ya watu wa mtaa. Nilivua miwani kwanza, nisizione nyuso zao. Hakuna aliyenipigia kelele, afadhali wangenipigia. Asubuhi yake, nilipopita mlangoni kwa MamBhele, nikamwagiwa maji ya vyombo kuanzia kichwani, ya vuguvugu, yenye punje za mahindi. Nikafuta miwani, nikamwambia asante, na nilimaanisha.

Wewe nakushukuru kwa uhai wangu, ambao sikuwahi kukushukuru. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, njoo hivyo hivyo. Mtaa unakungoja wewe, si mimi.

Mungu ailinde nyumba yako pembe zote nne, na paa lake.

Akupendaye, aliyechelewa kusema,

Kaka yako Mncedisi