Usiyapokee Masale Yetu

Evarist, mdogo wangu,

Mara tatu nimekuja hapo gerezani, mara tatu umekataa kutoka kuniona. Jumamosi iliyopita askari alirudi akaniambia, "Mama, ndugu yako anasema hana dada." Nikamwambia rudi ukamwambie anaye, tena ameshuka kutoka Uru na hotpoti ya machalari bado ya moto. Akacheka. Mimi sikucheka. Yale machalari, ndizi na nyama yake, niliyala mwenyewe kituo cha magari Njoro, watu wananitazama, na hasira niliyokuwa nayo hata chumvi sikuisikia.

Haya, sasa nakuandikia. Najua barua zinafunguliwa kabla hazijakufikia, kwa hiyo wewe afande unayeisoma, shikamoo kama ni mkubwa kwangu, kama ni mdogo hujambo, soma mpaka mwisho na usiruke mstari. Nakala yake naibandika leo kwenye ubao wa matangazo pale kwenye mashine ya kusaga, Uru nao wasome. Nina hasira na waliokufunga, nina hasira na majirani, nina hasira na wewe unayenirudisha getini kama muuza karanga. Na mimi mwenyewe nitajifikia, subiri.

Unakumbuka magazeti ya bucha? Nyama ilikuja nyumbani imefungwa kwenye gazeti, na kabla Mama hajaosha sufuria ulikuwa umeshalikunjua, damu na mafuta vyote mikononi, unanisomea kwa sauti ya mtangazaji. Habari ikiishia kwenye mchaniko ulikasirika kama umeibiwa. "Dada, sasa yule mzee alirudishiwa shamba lake au hakurudishiwa?" Nitajua wapi mimi! Ukataka twende kwa mwenye bucha tukamwombe kipande kilichobaki. Na tulienda, wajinga sisi. Akatufukuza na kisu mkononi, tukakimbia mpaka kwenye migomba ya kwetu, tumekaa chini tunacheka hatuwezi kupumua. Wewe ndio kwanza ukasema, "Kesho nitaenda peke yangu."

Na redio uliyokuwa unaipenda unaikumbuka. Niliivunja mimi, nikamsingizia paka. Wiki nzima hukusema na mimi. Baba alipojua hakunichapa. Alikwenda kwenye uzio wa kihamba, shamba letu la nyumbani, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa: "Mpelekee mdogo wako." Mtoto gani wa huku hajui isale? Linapandwa mpakani na makaburini, na mtu akikuletea amekukosea, anaomba msamaha, na wewe hukatai. Hata kama amekuulia ng'ombe. Nikakunyooshea jani nikiangalia pembeni. Wewe ukaweka mikono nyuma, mtoto mdogo namna ile, ukasema, "Sema kwanza ulichofanya." Baba alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda, lakini hakukulazimisha. Nikasema, ukalipokea.

Sasa nisikilize. Miezi tisa upo ndani kwa ajili ya mfongo wetu, mfereji waliouchimba babu zetu kwa majembe ya mkono. Zamu yetu ya maji ilipogeuka kuwa matope, Baba Felista, mwenyekiti wa mfongo, alituita tukapanda wote hadi kwenye chanzo. Tukakuta bomba limefukiwa, linapeleka maji kwenye shamba la mkubwa yule. Simtaji, wote tunamjua. Wewe ulikuwa umekuja tu kumsalimia Mama, na viatu vyako vya mjini vimejaa tope. Nani alisema kwanza, "Evarist, wewe ni mtu wa magazeti, andika"? Baba Felista. Nani alidakia? Mimi. Ukauliza, "Nikiandika, mtasimama?" Mikono ikaenda juu, Evarist. Yote! Wazee, wanakwaya, wamama wenye watoto mgongoni. "Sisi ni mashahidi wako!" Ukaandika. Maji yakarudi, migomba ikainuka, watu wakakusifia kila kona. Halafu polisi wakaja kukuchukua, pale pale nyumbani kwa Mama.

Na baada ya hapo, kimya. Aisee, kimya hicho! Watu waliokuwa wanakuita Mangi, chifu wetu, wakaanza kuvuka barabara wakiniona natoka kanisani.

Mwezi uliopita wakili wako alinionyesha kadi ulizotumiwa. Zimejaa kwenye bahasha, watu wa mbali wanaowaandikia waandishi waliofungwa. Bibi mmoja amekuchorea mgomba unaofanana na kabichi. Mwingine amekosea jina lako herufi mbili, lakini ameandika, "Nakufikiria kila asubuhi." Nilizisoma zote nikasikia aibu mpaka masikioni. Bibi asiyejua mgomba ukoje amekukumbuka, na sisi tunaokunywa maji uliyoyarudisha hatujakutumia hata neno moja.

Nikanunua daftari. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikisema andikeni salamu tu, mstari mmoja na jina. Baba Felista alinikaribisha vizuri, pombe ya mbege mkononi. "Mwanangu, msalimie sana, sana. Ila jina langu lisionekane. Nina kijana anatafuta ajira." Katibu wa kwaya akaniambia mwandiko wake mbaya. Mwandiko mbaya! Yule anayeandika nyimbo zote za Krismasi! Mmoja aliandika "Pole," akaitazama, akachana ukurasa akautia mfukoni. Nilirudi nyumbani na daftari jeupe, nikalitupa kwenye banda la ng'ombe.

Mama alilifuata akalifuta mavi. Kesho yake akanipa jani la isale limefungwa fundo, akasema nikuletee. Yesu wangu, nilivyowaka! Nilijua umeshaletewa karatasi ya kuomba radhi, usaini utoke, na nikadhani Mama anataka usaini, uombe radhi kwa jani hilo. Nilimfokea mama yetu, Evarist, mimi mtu mzima. "Aombe msamaha amemkosea nani? Nani aliiba maji?" Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema taratibu, "Sio yeye aombe. Ni mimi namwomba yeye. Siku ile aliniita, nikafunga komeo."

Sikujua. Nilikuwa shambani nachuma kahawa walipokufikia. Kumbe uliita "Mama!" mara mbili ukiwa umeshikwa, na yeye alikuwa nyuma ya mlango na mkono kwenye komeo. Miezi tisa amekaa na hilo, anakamua ng'ombe, anasali rozari, hasemi.

Habari ikazunguka, unajua kwetu. Kila asubuhi nikawa nakuta jani limechomekwa getini. Moja, matatu, siku nyingine matano. Mpaka sasa ni kumi na saba. Walioshindwa kuandika mstari wakaweza kukata jani. Mwanzoni nililia. Niliyafunga kwa uzi nikashuka nayo gerezani. Askari akayageuza geuza: "Haya ni ya uganga?" Nikamweleza. Akasema majani hayaingii, ukasema huna dada, nikarudi nayo. Yapo kwenye ndoo barazani, mabichi kama yalivyokatwa.

Na kila nikipita kwenye ndoo ile, hasira inapanda upya. Nimeshaelewa wanachokifanya. Jani halina jina. Hakuna polisi atakayeliita jani likatoe ushahidi. Na wanajua wewe ni mtoto wa Uru, isale hulikatai. Kwa hiyo wakuombe msamaha gizani, wewe usamehe, wao wakamwagilie migomba kwa amani huku wewe unaoza hapo? Ati ndio yameisha? Hapana! Hapana kabisa!

Usiyapokee, Evarist. Najua nakuambia kitu ambacho Baba asingependa kukisikia. Usiyapokee masale ya Uru mpaka wayalete wenyewe na majina yao, mpaka waseme walichofanya. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, mikono nyuma, siku ile ya redio.

Na sasa nimejifikia.

Ulisoma faili la kesi. Wakili ameniambia ulisoma, na kwamba tangu siku hiyo ulikataa kutoka nikija. Jioni ya siku waliyokuchukua, polisi waliniita kituoni, wakaniuliza nani alikutuma kuandika mambo ya maji. Niliogopa. Niliwaza watoto wangu, nikawaza ng'ombe wa Mama nani atamkatia majani. Nikasema, "Hakuna aliyemtuma. Mambo anayoandika ni yake, mimi sijui." Wakanipa kalamu, nikasaini. Hawakunipiga, Evarist. Hawakunigusa hata kidole. Walinipa na kiti. Leo wanasimama mbele ya hakimu wanasema habari yako ya maji umeitunga, na ushahidi wao mkubwa ni maneno ya dada yako wa tumbo moja. Halafu mimi nikazunguka na daftari kuwadai majirani ujasiri! Wewe ulikuwa na haki ya kunirudisha getini. Ningekuwa mimi, hata huyo askari nisingemjibu.

Jana nilikwenda kwa wakili nikaandika maelezo mapya. Nimeandika kwamba uliombwa na kikao kizima, kwamba mimi niliomba, kwamba bomba nililiona kwa macho yangu. Akaniuliza kama naelewa kwamba nimekiri kuwadanganya polisi, na kwamba naweza kuingia ndani mimi. Naelewa. Usiku wa kuamkia jana sikupata hata lepe la usingizi, ninaogopa hata sasa. Lakini kuogopa nimeshakujaribu, na umeona kulikokufikisha.

Jumatatu kesi yako inasikilizwa. Mama anakuja. Ameshatoa kitenge chake cha Pasaka, anataka akae mbele umwone vizuri, naye ana la kusema. Uru, mnaosoma hapa kwenye mashine ya kusaga, gari la saa moja asubuhi lina nafasi. Masale yenu yapo barazani kwangu. Kila mtu aje achukue lake, akalishike mkononi mahakamani, au akalirudishe kwenye uzio wake.

Langu mimi sijalikata. Nitasimama mikono mitupu, niseme kwa sauti mbele ya hakimu na mbele yako nilichofanya. Halafu nitageuka nikuangalie. Hapo ndipo utawaambia kama una dada au huna.

Ni mimi,
niliyevunja redio,
dada yako.