Mangi na Siki ya Mnazi

Kaloleni,
14 Julai 2024.

Mpendwa Shangazi Sidi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na afya, presha imeteremka na usingizi unaupata. Nasikia joto la Doha miezi hii halina huruma, basi jitahidi kunywa maji. Huku mwili wangu ni mzima. Baba yupo, Mama yupo, ingawa goti humsumbua kila akiamka. Mvua zilinyesha vizuri na mahindi yamebeba.

Uliponipigia simu baada ya maziko uliniuliza, "Kahaso mwanangu, ilikuwaje?" Nikashindwa kusema, nikampa Baba simu. Naye akakwambia kwa ufupi tu kwamba Mangi ameanguka mnazini. Najua hukutosheka. Wewe ndiye uliyemlea ndugu yangu Mama alipokuwa mgonjwa, na mwajiri wako hakukuruhusu uje umzike. Una haki ya kuambiwa yote. Mdomo umenishinda, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilipoingia chuo kule Kilifi kusomea uzamili wa ubunifu na ujasiriamali. Ulicheka ukasema, kwani biashara nayo inasomewa? Inasomewa, Shangazi. Na mwaka wa mwisho mtu haandiki tasnifu tu. Sharti aanzishe biashara mpya, aiendeshe, kisha aitetee mbele ya jopo la wahadhiri. Wenzangu wengi walichagua mambo ya simu. Mimi nikakumbuka nyumbani, ule mnazi, pombe ya kugema, ambao Mangi aliumwaga kila ulipochacha kabla ya kununuliwa. Nikamwambia tuugeuze siki.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Kahaso, mnazi mchachu hata mlevi haununui. Nani atautia kwenye kachumbari?"

Lakini siku ya pili yeye ndiye aliyekuja na madumu. Yale ya kwanza yaliharibika yote, yakanuka hadi mkewe, Bridgit, akatufukuza uani. Tukajaribu tena, tukaharibu tena. Hatimaye siki ikatoka safi, rangi ya asali nyepesi. Mangi akaonja kwa kidole, akasema, "Hii tunaipeleka Malindi." Na kweli tukaipeleka. Alivaa shati lake la kanisani kwenda kuonana na mpishi wa hoteli, na mpishi akaitaka.

Natamani ungemwona miezi ile. Watu walikuwa wakimwita mlevi kwa sababu tu ni mgema, na hali unajua hakunywa. Sasa akawa anasema "kampuni yetu" kila baada ya maneno mawili. Alimwambia Bridgit kwamba mtoto wao Kavumbi atakuja kuirithi.

Jopo langu lilipangwa mwezi wa Mei. Mangi akataka wahadhiri waone kazi tangu mwanzo, mnazi mbichi na siki yenyewe pamoja mezani. Siku mbili kabla ya jopo, asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa chuoni. Mama anasema alimsihi angoje shina likauke, naye akamjibu, "Mama, Kahaso ananingojea." Akapanda. Alifika juu salama, akagema, akafunga chombo cha kukinga utomvu. Ni wakati wa kushuka ndipo mguu ulipoteleza kwenye kidato kilichochongwa shinani. Mama alikuwa uani akikuna nazi. Alisikia kishindo tu, hakusikia ukelele.

Alifariki kabla hawajafika hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Baba. Hakuteseka kwa muda mrefu. Nakwambia hili kwa kuwa najua ungeuliza. Tumemlaza kando ya Babu, upande ule wenye mikorosho.

Daktari Joram, msimamizi wangu, alinishauri niahirishe. Baba ndiye aliyekataa. "Nenda ukaimalize kazi yenu," akasema. Nikaenda nikiwa bado na kitambaa cha matanga. Nilizungumza vizuri, Shangazi, hata mimi nilijishangaa. Kisha mama mmoja wa jopo, ambaye hakuwa na habari ya msiba, akaniuliza kwa upole, "Na hatari kubwa zaidi katika biashara hii ni ipi?"

Ni swali la kawaida, kila mwanafunzi huulizwa. Jibu nilikuwa nimeliandaa, kuhusu kiangazi na upungufu wa chupa. Nilipofungua kinywa nikasema, "Mgema wangu ameanguka. Alikuwa ndugu yangu." Nikalia mbele yao kama mtoto. Yule mama akaacha kiti chake akaja kunishika mkono, na hakuna aliyeuliza tena.

Wamenipitisha, na wameisifu kazi. Nimeupokea ujumbe huo nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kuchota maji.

Baada ya matanga Bridgit alirudi kwao Matsangoni pamoja na mtoto. Juma lililopita nilimfuata. Mamake alinipa kiti na chai, lakini Bridgit akabaki ndani. Niliponyanyuka kuondoka ndipo alipotoka mlangoni, Kavumbi mgongoni.

"Sikuchukii, wifi," akaniambia. "Lakini nikikuona wewe, namwona yeye yuko juu ya ule mti. Usije kwanza."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Nilisimama barabarani muda mrefu, magari yanapita, nisipungie hata moja.

Nakuomba umpigie. Anakuheshimu sana. Usinitetee, muulize tu kama analala, na kama mtoto anakula. Mpishi wa Malindi naye bado anapiga simu kuulizia siki. Sijamjibu. Usiniulize kama nitaendelea, maana sijui.

Majirani wanataka mnazi ule ukatwe. Baba hataki. Chombo alichokifunga Mangi kingali kinaning'inia kule juu, na hakuna aliyethubutu kupanda kukiteremsha. Juzi jioni Baba alivua viatu, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, kisha cha pili. Mama akatoka mbio na goti lake bovu, akamkumbatia miguu. "Charo, hata wewe?" akamwambia. Baba akateremka. Wakakaa pale chini wakilia wote wawili, nami nikiwatazama kutoka jikoni, nisiweze kuwasogelea.

Mama anakusalimu, Baba pia, na Wangu, jirani yetu, anasema amekuombea. Nisalimie Zainab unayekaa naye; mwambie asante kwa kukushika siku ile ulipopata habari. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda na kukuhitaji,

Kahaso.