Jenereta Dogo na Koti la Mlinzi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, Jumatatu tarehe 16 mwezi wa nne, asubuhi

Jina: Mama Cherehani (jina kamili limo kwenye jalada)
Umri: miaka 61
Kazi: fundi wa kushona nguo
Makazi: gari-nyumba, kiwanja cha wasafiri kando ya bwawa, nafasi ya mwisho karibu na uzio

Naeleza haya kwa hiari yangu na akili zangu timamu, ingawa usingizi sina. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa ajili ya mlinzi wa kiwanja chetu, yule baba mwembamba mnayemshikilia tangu Jumamosi kwa wizi wa jenereta. Sisi tunamwita Koti, kwa sababu mvua inyeshe, jua liwake, lile koti lake refu la mvua halivui. Jenereta lenyewe ni letu, mimi na mume wangu. Koti hakuliiba.

Mume wangu ni dereva mstaafu wa malori. Alipostaafu alinunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko na friji ndani, na tunaishi humo mwaka wa tatu sasa. Wifi yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, tunasafiri naye. Yeye hulala kwenye hema lake pembeni, anasema mdogo wake anakoroma.

Afande ameniuliza kwa nini gari moja liwe na majenereta mawili. Wifi naye huuliza hivyo hivyo, ila yeye kwa kejeli: "Nyie mngeweza, mngebeba na mke wa akiba." Sababu ni hii. Lile kubwa limejengewa ndani ya gari na linakunywa mafuta ya tangi la gari lenyewe. Tangi likishuka hadi robo linajizima, ili msafiri asikose mafuta ya kuondokea. Sasa mume wangu ana kisukari, na dawa yake ya sindano inakaa kwenye friji. Friji ikizimika siku nzima kwa joto hili, dawa imekwenda. Ndiyo maana tunatembea na hili dogo la kubeba mkononi, lenye tangi lake. Linaendesha friji na taa moja, basi.

Mume wangu analiita Mjukuu. Analifuta vumbi, analifunika, analiongelesha. Nilishamwambia, watoto wako hukuwabembeleza hivyo. Lakini kuhusu moshi alikuwa mkali: Mjukuu anawekwa nyuma ya gari, mbali, waya unyooke wote. Lile kubwa lina bomba la kutolea moshi pembeni mwa gari. Hili dogo linautema hapo hapo lilipo, na moshi wake unaweza kumuua mtu aliyelala bila yeye kushtuka.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, lile kubwa lilikuwa limejizima tangu asubuhi, na Mjukuu ndiye aliyekuwa kazini. Majira ya saa tisa alasiri nilibeba beseni nikaenda kufua kwenye banda la maji la kiwanja. Mume wangu alibaki garini. Wifi alikuwa kwa majirani anapiga soga. Mvua ikashuka ghafla, ile ya matone makubwa.

Kilichofuata amenieleza mume wangu jana, hospitali. Aliona jenereta linalowa. Akatoka, akalivuta hadi chini ya turubai letu, mlangoni kabisa, chini ya dirisha la jikoni ambalo mimi niliacha wazi. Kisha akapanda kitandani. Nilimuuliza, "Baba, na moshi je?" Akanijibu, "Nilimwonea huruma, mama. Alikuwa ananyeshewa." Alisema kama anayezungumzia mtoto wa mtu.

Nikiwa bado nafua nilisikia sauti ya wifi: "Mwizi! Mwizi wa jenereta!" Nikakimbia na mapovu mpaka kwenye viwiko. Nilimkuta Koti amelala kwenye matope karibu na uzio. Watu wanne wamemzunguka, mmoja ana nguzo ya hema mkononi. Wiki iliyopita mtu aliibiwa jiko la gesi pale, kwa hiyo hasira zilikuwa karibu. Pembeni yake lilikuwapo jenereta letu, limezungushiwa lile koti.

Sasa nasema lililo zito kwangu, maana wifi yuko hapo nje kwenye benchi na mimi nampenda. Jenereta lilikuwa linanguruma. Najua yeye aliwaambia kwamba lilikuwa kimya na limefichwa ndani ya koti. Aliyelizima ni yeye, kwa mkono wake, nikitazama. Koti muda wote ule alikuwa anasema na watu, midomo ilikuwa inakwenda, ila kelele za mashine zilimeza sauti yake. Lilipozimwa ndipo tukamsikia.

"Mama, mzee yuko ndani. Nimegonga, nimeita, haamki."

Nilikimbilia garini. Nilimkuta mume wangu kitandani, kiatu kimoja mguuni. Nilimwita kwa jina ninalomwitia tukiwa wawili tu. Hakuitika. Nikamshika makwapani nikamburuta mpaka nje kwenye mvua, mimi huyu mnayeniona. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akakohoa. Kikohozi chake kimeniudhi miaka thelathini, lakini siku ile nililia kwa furaha kukisikia.

Jirani mwenye gari dogo alitupeleka hospitali. Niligeuka dirishani nikaona wanamfunga Koti mikono kwa kamba ya hema. Niliporudi jioni nikaambiwa ameshaletwa huku.

Afande, hilo koti liko nyuma yako juu ya kabati, nimeliona tangu nilipoingia. Litazame tundu la ubavuni. Halikuraruka, limeyeyuka, na kingo zake zimejikunja zikawa ngumu. Hapo ndipo palipogusa bomba la moshi la Mjukuu likiwa la moto. Swichi ya kulizima hakuijua, mwenyewe ameniambia nilipopita mahabusu, ndipo akachomoa waya, akalizungushia koti, akakimbia nalo mbali na dirisha. Mbali na dirisha letu ni uzioni, hakuna pengine. Na mwizi gani huyo anayeondoka na kitu kinachopigia kelele kiwanja kizima? Naomba pia mumtazame kiganja cha kushoto. Nimekiona hapo hapo mahabusu, kimevimba malengelenge na hakuna aliyekifunga.

Asubuhi hii nilimuuliza wifi, "Lilikuwa linanguruma au halikunguruma?" Akanijibu mkato, "Nilichosema nimesema." Simchukii. Mama yao alifariki mume wangu akiwa mdogo, na wifi ndiye aliyemlea. Tangu Jumamosi hajagusa chakula, na namsikia analia hemani. Nadhani anachoogopa ni kukubali kwamba mtu aliyempigia kelele za mwizi ndiye aliyemrudishia mdogo wake.

Niliyoyaona nimeyasema kama nilivyoyaona, na niliyoambiwa nimesema nani aliniambia. Ombi langu ni moja. Mkimwachia, msimrudishie koti likiwa hivyo. Nipeni mimi kwanza, kitambaa cha kiraka ninacho.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA OFISA: Nimemsomea shahidi haya yote naye amekubali kuwa ndivyo alivyosema. Kiganja cha kushoto cha mtuhumiwa nimekikagua: kimeungua. Nimeagiza apelekwe kutibiwa. Koti limebaki kuwa kielelezo. Shahidi amelipima tundu kwa vidole kabla ya kuondoka. Alipofungua mlango, wifi yake alikuwa amesimama kizingitini. Aliingia kabla sijamwita, akaomba maelezo yake ya Jumamosi yaandikwe upya. Nilipomtaka aanze na jina na umri, alisema: "Hayo baadaye. Andika kwanza kwamba lilikuwa linanguruma."