Waliokuja Kunililia

Jumatatu, 2 Machi 2026
Uvimbe haukatiki. Amesema Dk. Hénoc kwa simu kutoka Lusaka, baada ya kusoma picha zangu: saratani ya mrija wa nyongo, imezingira mshipa mkubwa wa ini. Kinachobaki? Vitatu kwa pamoja: kemo, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, na mionzi inayolenga uvimbe tu. Itaponya? Haahidi. Inaweza kuusinyaza, kuniongezea muda. Muda gani? Hajui. Jibu safi.

Sharti: bilirubini, ile rangi ya nyongo kwenye damu, ishuke chini ya 30. Leo ni 96 — nina macho ya njano kama embe. Kijimrija walichonitia wiki iliyopita ili nyongo ipite kifanye kazi!

Jumatano, 4 Machi
Mdogo wangu Casimir, ambaye kwake mimi ni Yaya, dada mkubwa, anataka nikapumzike kwake Kapolowe.
— Yaya, bale ba Lusaka batakuunguza bule. Kuya kwetu, ukule samaki.
Nimekataa. Amekwenda redioni — redio yangu, nilikofanya kazi miaka ishirini na mbili! — kuacha tangazo la kuita familia.

Ijumaa, 6 Machi
Limesomwa asubuhi: jamaa wote wafike nyumbani kwa Martine, yaani kwangu, haraka, bila kukosa. Basi. Hakuna neno kwamba mimi ni mgonjwa, wala kwamba ni hai. Mji wetu mzima wa Likasi unajua tangazo kama hilo maana yake nini: msiba.

Saa tatu uani kumejaa. Mikeka, vilio, akina mama wa parokia. Nikatoka nje nimejifunga kikwembe changu kiunoni. Mama mmoja akasogea kuhakikisha ni mimi kweli:
— Njo weye?
— Njo minye. Munalilia nani?
Shangazi Kabedi akanishika mikono yote miwili, akaigeuza.
— Minye nililia njia yote tangu Kakanda! Ile machozi nani atanirudishia?
Wakacheka, wengine huku wanalia.

Casimir akasema, watu wapo, tukate shauri: Kapolowe au Lusaka. Vizuri. Nikawasomea maneno ya Hénoc yote, pamoja na "haahidi".
Casimir akawageukia:
— Munasikia? Hata ye hajue!
— Na weye unajua?
Shangazi akatangaza yeye atanisindikiza Lusaka. Wajomba wawili upande wa Casimir. Tumeachana hivyo.

Jumatatu, 9 Machi
Bilirubini 41, kasema Adrien wa maabara. Bado.

Lusaka wananishikia nafasi mpaka Ijumaa. Casimir amekodi gari la kunipeleka Kapolowe: Alhamisi, saa mbili, dereva atangoja mlangoni. Angoje! Begi la Lusaka nimelifunga.

Kipimo cha mwisho cha bilirubini: Alhamisi, tarehe 12, saa moja asubuhi, bila kula.