Neno Nililomwita Ndeshi

Jumanne, 6 Machi 1984

Kupe. Ndivyo nilivyomwita mdogo wangu Ndeshi Jumamosi, aliposinzia kwenye foleni ya sukari ya duka la ushirika hadi watu wakampita.

"Wenzako wanajenga nchi, wewe kazi yako kulala."

"Mwache, anaota sukari," akadakia jirani, na foleni nzima ikacheka. Ndeshi alijifunika vizuri sweta lake, katika joto hili la Kariakoo.

Nilijua figo zake zimekufa na damu yake husafishwa kwa mashine. Lakini wagonjwa wenzake wa mashine huchangamka, nami niliona yeye anajidekeza.

Leo hospitalini daktari amempapasa shingo, akasoma majibu ya damu. Tezi ya shingoni haifanyi kazi inavyopaswa. Ndiyo inayomletea baridi na usingizi. Kwa wagonjwa kama yeye, alisema, kila uchovu husingiziwa figo, tezi ikasahaulika. Vidonge vipo.

"Hali hii ilianza lini, dada?" alimwuliza Ndeshi.

"Tangu Krismasi, daktari."

"Mbona hukusema?"

Ndeshi hakunitazama. "Nilidhani ni uvivu."

Njia nzima hadi nyumbani Gerezani nilimbebea vidonge vyake. Kumwomba radhi nilishindwa.