Kitufe cha Kumrudisha Martha

Dodoma, 4 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitoa machozi.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina programu tunayoitengeneza kazini, ya kumsaidia mtu kupamba uso wa kompyuta yake: picha, rangi, mpangilio, bila kumwita fundi. Bosi anasema iko tayari. Mimi sina hakika, maana walioijaribu wote ni mafundi. Naomba uijaribu kwenye kompyuta ya marehemu mama. Fuata maswali tu. Ukikwama andika, maana simu yenyewe unaikata kabla sijamaliza salamu!

Binti yako,
Minza

Lusu, 21 Juni 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba. Goti lipo, tumezoeana. Viazi vimekubali mwaka huu, tumeanza kuvikata na kuvianika viwe michembe.

Flashi Gerson wa basi kanikabidhi. Nitaijaribu Jumapili baada ya ibada. Ila ujue, ile kompyuta siichezei. Kila asubuhi naiwasha, namtazama Martha, mama yako, kwenye ile picha ya zamani, anakata viazi, wewe uko mgongoni. Unakumbuka alivyovisogeza pembeni vile vialama vyake vya kubonyeza, kimoja kimoja, visikuzibe uso? Alimaliza mchana mzima, ugali ukaungua. Nikishawaona, naizima.

Baba yako,
Ngassa

Dodoma, 10 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Gerson anasema hujambo, unalima, ila ukiulizwa habari zangu unanyamaza. Nimekukosea nini? Kama kuna kosa, niambie mwenyewe, baba yangu. Sina mzazi mwingine.

Binti yako,
Minza

Lusu, 22 Septemba 2024

Minza,

Marahaba. Hujanikosea. Nimekosa mimi, na aibu ndiyo iliyonifunga mkono.

Programu yako iliniuliza kwa adabu sana: "Je, ungependa kubadilisha picha?" Nikajibu Ndiyo. "Je, ungependa tupange upya?" Ndiyo. Maswali kumi na moja, yote Ndiyo. Ningesemaje Hapana? Babu zako waliishi kando ya njia ya misafara. Mgeni akipiga hodi kwa upole, hukatai kabla ya kumsikiliza. Na huyu mgeni alitumwa na mwanangu.

Nilipomaliza, mama yako hayupo. Kuna mlima wenye theluji, sijui wa nchi gani. Vialama vyote vimepangwa mstari kama wanafunzi. Nimempoteza mara ya pili, mwanangu, na safari hii kwa kidole changu mwenyewe. Kompyuta nimeifunika kitenge cha mama yako.

Baba yako,
Ngassa

Dodoma, 1 Oktoba 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nimelia mpaka Julieth wa meza ya jirani akaniletea maji.

Mama hajafutika. Picha imo humo humo, programu yetu imeificha tu. Barua yako nimeisoma kazini mbele ya wote. Bosi alivua miwani. Tulidhani tumemaliza kazi, kumbe tulikuwa tunamuuliza mtu asiyejua kukataa. Flashi mpya hii hapa. Swali la kwanza sasa ni "Tuache kama ilivyo?" Hapo Ndiyo yako haiharibu kitu. Na juu kabisa kuna kitufe kikubwa chekundu, kimeandikwa RUDISHA. Funua kitenge, baba. Bonyeza hicho.

Binti yako,
Minza

Lusu, 19 Oktoba 2024

Mwanangu Minza,

Marahaba, marahaba sana. Barua hii naichapa mwenyewe kwa vidole viwili, Gerson kaahidi kuibeba kwenye flashi akaichapishe kwenye karatasi huko Nzega mjini.

Nilibonyeza. Akarudi! Anakata viazi, wewe mgongoni, na vialama vyote pembeni, kila kimoja pale pale alipokiweka. Nilikaa chini, mwanangu.

Sasa nikuambie siri, usiwasomee wenzako. Kila asubuhi namwondoa kwa makusudi. Naweka ule mlima wa theluji. Nachota maji, nakoroga uji, nautazama mlima wenu. Kisha nabonyeza RUDISHA, nimwone akirudi tena.

Siku wakubwa wako wakisema kitufe kile hakina kazi, kitolewe, wakatalie. Wewe ujue kusema Hapana.

Baba yako,
Ngassa