Mwache Jebet Atembee

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo kutoka huku Ujerumani. Ile homa yako imekwisha? Na huko Munyaka mvua imeanza? Mimi ni mzima kiasi, na hicho kiasi ndicho kimenifanya niandike, maana kwa simu ungenikatiza.

Juzi wenzangu katika hii nyumba ya wazee ninakofanya kazi waliniuliza kama ni kweli watu wa kwetu Eldoret wote hukimbia. Nikajitapa, nikawataja mpaka wakimbiaji wa Kaptagat. Kisha nikawaonyesha picha ya binti yangu akienda shule. Mmoja akauliza, "Mbona yuko kwa pikipiki?" Na shule ni hapo tu, Mama, ng'ambo ya kiwanja. Nikairudisha simu mfukoni.

Kosa si lako. Ni mimi niliyemtafutia Jebet mtu wa boda, na ni mimi ninayesema anunuliwe chipsi na soda kila Jumamosi. Nilimwacha akiwa na miaka minne na roho bado inaniuma, basi nikadhani hivyo ndivyo atajua anapendwa. Majirani wakisema amenenepa, wewe unafurahi. Hata mimi nilifurahi.

Lakini mwezi uliopita nilipimwa. Nina presha, Mama, na miaka yangu ni thelathini na tatu. Daktari aliuliza habari za Baba, nikamweleza vile moyo wake ulisimama akikamua ng'ombe. Akasema yangu itatulizwa na dawa na kutembea, ila mtoto akizoea mapema, moyo wake una nafasi nzuri zaidi. Nilienda kulia chooni. Nilimwogopea Jebet kuliko nilivyojiogopea mimi.

Kwa hivyo mwambie mtu wa boda asante, asije tena. Mpikie mtoto mboga za managu, soda ibaki ya Krismasi, na kile kibakuli cha chumvi kitoke mezani, hata ukinuna. Najua utasema, "Si wewe nilikulea na hiyo chumvi?" Ni kweli, na mazoea yana taabu. Najifunza kula upya na umri huu.

Dawa nameza kila asubuhi, usikose usingizi. Nisalimie kaka yangu wa kule Soy na mkewe, na shangazi anayekuletea maziwa.

Siku za kwanza Jebet atalia njiani, atasema mama yake ameacha kumpenda. Mshike mkono mpaka getini, umwambie huo mkono ni wangu.

Binti yako anayekupenda,
Chelagat